Scapy na Ufundi wa Kuuliza Mtandao Maswali

Kila mtandao wa kompyuta, uwe wa shule, wa hospitali ya wilaya au wa chama cha akiba na mikopo, hatimaye hupimwa usalama wake na mtu fulani, na busara inataka mtu huyo wa kwanza awe ni mwenye mtandao mwenyewe kabla hajatanguliwa na mwenye nia mbaya. Kupima usalama maana yake ni kuuuliza mtandao maswali machache yaliyo wazi, kama vile ni vifaa gani vimeunganishwa, ni huduma zipi zinazosubiri maombi kutoka nje, na ni nani anayejibu kwa niaba ya nani, kisha kulinganisha majibu na yale ambayo mwenye mtandao aliamini kuwa ndiyo hali halisi. Katika pengo lililopo kati ya imani na majibu ndimo hatari nyingi hujificha, kwa sababu kompyuta iliyosahauliwa katika chumba cha nyuma, ikiwa bado imewashwa na haijasasishwa kwa miaka mitatu, haionekani katika orodha yoyote ya ofisi, lakini huonekana mara moja kwa yeyote anayeuliza swali linalofaa.

Zana za kuuliza maswali hayo zimekuwapo kwa muda mrefu. Nmap, iliyotolewa mwaka 1997 na Gordon Lyon, ndiyo mashuhuri kuliko zote, nayo hutumiwa na wataalamu duniani kote kuchunguza mashine na huduma zake. Hata hivyo, zana iliyokamilika humpa mtumiaji hukumu iliyokwisha kuandikwa, yaani neno moja linalosema kwamba huduma imefunguliwa, imefungwa au imezuiwa, bila kumlazimisha aangalie ushahidi uliozaa hukumu hiyo. Kwa mtu anayejifunza, na hata kwa fundi anayetaka kuwa na hakika, ipo njia nyingine yenye manufaa makubwa, nayo ni kujitengenezea zana ndogo kwa mistari michache ya Python, akitumia maktaba iitwayo Scapy.

Maktaba na lugha yake

Python ni lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991, nayo imependwa na wanafunzi na watafiti kwa kuwa msimbo wake husomeka kwa urahisi. Maktaba, katika taaluma hii, ni mkusanyiko wa vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambavyo mwandishi wa programu huviita kazini badala ya kuanza kila kitu upya. Scapy ilianzishwa na Mfaransa Philippe Biondi mwaka 2003 ikiwa programu huria, maana yake yeyote anaweza kuipakua bila malipo, kuusoma msimbo wake na kuurekebisha, na hadi leo inaendelezwa na kundi la wachangiaji.

Kazi ya Scapy ni kuunda, kutuma, kupokea na kuchambua pakiti. Pakiti ni kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni kikiwa na maelezo ya kilikotoka na kinakokwenda, na kila ujumbe, picha au muamala unaopita katika intaneti hugawanywa katika pakiti za namna hiyo. Pakiti hujengwa kwa tabaka, mfano wa bahasha iliyotiwa ndani ya bahasha nyingine: tabaka la nje ni la Etheneti, linalobeba anwani za vifaa vilivyo katika mtandao mmoja wa karibu, ndani yake limo tabaka la IP, linalobeba anwani zinazowezesha safari kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na ndani zaidi limo tabaka la TCP, ambalo huhakikisha kwamba data inafika kamili na kwa mpangilio. Kanuni za tabaka mbili hizi za mwisho, ambazo wataalamu huziita itifaki, zilichapishwa katika umbo lake la msingi mnamo Septemba 1981, na hadi sasa bado zinabeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya dunia.

Katika Scapy, mwandishi huunganisha tabaka hizo kwa alama ya mkwaju tu, hivi kwamba maandishi `IP()/TCP()` yanatosha kuunda pakiti iliyo halali, kwa kuwa maktaba hujaza yenyewe kila sehemu ambayo mwandishi hakuitaja, ikiwemo hesabu ya uhakiki inayotumika kutambua pakiti iliyoharibika njiani. Akitaka kubadilisha sehemu yoyote, hutaja jina la sehemu hiyo na thamani anayoitaka, hata kama thamani hiyo inakiuka kanuni za kawaida. Uhuru huo haupatikani katika programu za kila siku, ambazo huuachia mfumo endeshi wa kompyuta kazi yote ya kuunda pakiti, nao mfumo endeshi hukubali tu pakiti zilizozoeleka. Kwa sababu Scapy huukwepa utaratibu huo wa kawaida, mara nyingi huhitaji iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na katika Windows huhitaji pia programu ndogo iitwayo Npcap.

Zana ya kwanza: kujua nani yumo

Swali la kwanza la mpimaji ni vifaa vipi vimo ndani ya mtandao, na jibu lake hutafutwa kwa itifaki ya ARP, iliyoelezwa na David Plummer mnamo Novemba 1982. Kompyuta inapotaka kuwasiliana na nyingine katika mtandao uleule huwa inaijua anwani yake ya IP, lakini haiwezi kuifikia bila kuijua pia anwani ya MAC, yaani namba ya biti 48 inayotambulisha sehemu ya kifaa inayounganishwa na mtandao. Kwa hiyo hutangazia vifaa vyote swali moja: mwenye anwani hii ya IP ni nani? Kifaa chenye anwani hiyo hujibu kwa kutaja anwani yake ya MAC.

Zana rahisi ya Scapy hufanya tangazo hilo kwa kila anwani ya mtandao, kwa mfano anwani 254 zinazoweza kutumika katika mtandao mdogo wa kawaida wa ofisi, kwa kutumia amri ya `srp`, ambayo hutuma pakiti na kurudisha orodha mbili, moja ya maswali yaliyojibiwa pamoja na majibu yake na nyingine ya maswali ambayo hayakujibiwa. Msimbo wote unaweza kuandikwa kwa mistari isiyozidi kumi, nao huonyesha hata mashine ambayo faiwoli yake, yaani programu inayochuja pakiti zinazoingia na kutoka, imekataa kujibu maswali ya aina nyingine, kwani mashine isiyojibu ARP kwa kawaida haiwezi kuwasiliana na majirani zake.

Orodha inayopatikana hulinganishwa na daftari la mali za ofisi, na hapo ndipo kazi ya akili huanza. Kifaa kisichojulikana kinaweza kuwa cha mvamizi, lakini kinaweza pia kuwa ni simu ya mfanyakazi, kwa kuwa simu za siku hizi, zikiwemo zenye Android 10 na kuendelea na iPhone zenye iOS 14 na kuendelea, hutumia anwani ya MAC ya kubuni ili kulinda faragha ya mwenye simu. Ikumbukwe pia kwamba ARP haivuki ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, kwa hiyo mtandao uliogawanywa katika sehemu kadhaa hupimwa sehemu moja baada ya nyingine.

Zana ya pili: kujua milango iliyo wazi

Baada ya kujua mashine zilizopo, swali linalofuata ni huduma gani zinatolewa na kila moja. Huduma za TCP hutambuliwa kwa namba za milango, ambazo wengine huziita poti, kuanzia 1 hadi 65,535: tovuti zilizolindwa kwa usimbaji fiche hutumia mlango wa 443, uendeshaji wa kompyuta kutoka mbali kwa njia ya SSH hutumia mlango wa 22, na kushirikiana mafaili katika Windows hutumia mlango wa 445. Mawasiliano ya TCP huanza kwa hatua tatu: anayeomba hutuma pakiti yenye alama ya SYN, anayeombwa akikubali hujibu kwa SYN pamoja na ACK, na mwombaji hukamilisha kwa ACK. Mlango ukiwa umefungwa, jibu huwa na alama ya RST, yenye maana kwamba ombi limekataliwa.

Zana ya kupima milango hutuma SYN moja kwa kila mlango kwa amri ya `sr1`, ambayo husubiri jibu moja, kisha husoma alama zilizomo katika jibu hilo. Mtu anayefuatilia pakiti zake kwa makini atakutana na jambo linalofundisha sana: mlango ukiwa wazi na jibu likarudi, kompyuta ya mpimaji yenyewe hutuma RST bila kuagizwa, kwa sababu mfumo endeshi wake haukujua lolote kuhusu SYN iliyotumwa na Scapy, na kwa hiyo huliona jibu hilo kuwa ni la maongezi ambayo haukuyaanzisha. Anayetumia zana iliyotengenezwa na wengine anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kulijua jambo hilo, ilhali anayejitengenezea yake hulazimika kulielewa katika wiki ya kwanza.

Umuhimu wa zana hii ulidhihirika tarehe 12 Mei 2017, siku ambayo programu hasidi iitwayo WannaCry ilianza kusambaa ikipitia mlango wa 445 wa kompyuta za Windows, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Katika siku chache ilikwisha kuathiri zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takriban 150, na huduma ya afya ya umma ya Uingereza ililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa wengi. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya udhaifu huo tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla ya shambulio, kwa hiyo msimamizi aliyejua ni mashine zipi katika mtandao wake zilikuwa na mlango wa 445 wazi, na ambaye alizishughulikia kwa wakati, alikuwa na nafasi kubwa ya kunusurika.

Zana ya tatu: mlinzi anayesikiliza

Zana mbili zilizotangulia huuliza. Ya tatu husikiliza tu. Amri ya `sniff` ya Scapy hunasa pakiti zinazofika katika kompyuta na kuzikabidhi moja baada ya nyingine kwa kipande cha msimbo kilichoandikwa na mpimaji, ambaye anaweza kuagiza zinaswe pakiti za ARP peke yake. Sababu ya kuisikiliza ARP ni kwamba itifaki hiyo ilibuniwa katika zama ambazo waliotumia mtandao mmoja waliaminiana, na kwa hiyo haina njia yoyote ya kuthibitisha kwamba anayejibu ndiye mwenye anwani. Mvamizi aliyekwisha kuingia ndani ya mtandao anaweza kudai kwamba anwani ya ruta ni yake, na vifaa vikimwamini humpelekea mawasiliano yaliyokusudiwa kwenda nje.

Zana ya ulinzi huhifadhi kumbukumbu ya kila anwani ya IP na anwani ya MAC iliyoambatana nayo mara ya kwanza, kisha hutoa tahadhari pale IP ileile, hasa ile ya ruta, inapodaiwa na MAC tofauti. Tahadhari hiyo pekee haimtii mtu hatiani, kwa kuwa ruta inaweza kuwa imebadilishwa na fundi, au anwani ya kompyuta iliyozimwa ikawa imegawiwa kompyuta nyingine, lakini humpa msimamizi sababu ya kwenda kuangalia wakati ambapo bado anaweza kuchukua hatua. Izingatiwe pia kwamba katika mitandao ya leo inayotumia swichi, kompyuta moja haioni mazungumzo yote ya wengine, bali huona matangazo yanayotumwa kwa wote na pakiti zinazoihusu yenyewe, hivyo mlinzi wa namna hii haoni kila kitu.

Kusoma pakiti na kutoa hukumu

Biondi, katika kuieleza maktaba yake, alisisitiza tofauti kati ya kazi mbili ambazo zana nyingi huzichanganya: kusoma kilichomo ndani ya pakiti, kazi ambayo mashine huifanya vizuri, na kuamua kilichomo kina maana gani, kazi ambayo inamhitaji mtu. Mpimaji anapotuma SYN na kukaa kimya bila kupata jibu, ukimya huo unaweza kutokana na faiwoli iliyoagizwa kuzitupa pakiti, au na pakiti iliyopotea katika mtandao uliosongamana, au na mashine iliyozimwa dakika hiyohiyo. Vivyo hivyo, taarifa ya kwamba mahali fulani hapafikiki inaweza kutoka kwa mashine yenyewe au kwa ruta iliyo njiani, na anwani ya mtumaji iliyomo katika pakiti hiyo ndiyo inayoonyesha ni nani hasa aliyesema. Zana inayoyafunga mambo yote hayo katika neno moja humnyima mpimaji uwezo wa kuyatenganisha, ilhali Scapy humkabidhi jibu zima kama lilivyofika.

Kwa sababu hiyo, mpimaji makini huhifadhi pakiti zake katika faili kwa amri ya `wrpcap`, ili yeye au mwenzake aweze kuzifungua baadaye, hata kwa programu nyingine kama Wireshark, na kuhakiki alichodai. Hurudia pia swali lililokosa jibu, na huepuka kuandika katika taarifa yake kwamba mlango ulio wazi ni udhaifu, kwa kuwa mlango wa 443 wa seva ya tovuti unapaswa kuwa wazi, na tatizo hujitokeza pale huduma isiyohitajika au isiyosasishwa inapoachwa ikimsubiri yeyote anayebisha hodi.

Uwezo wa zana hizi ndogo una mipaka yake. Zana inayosubiri sekunde moja kwa kila mlango usiojibu, ikipima milango yote 65,535 mmoja baada ya mwingine, huhitaji zaidi ya saa 18 kwa mashine moja, na hapo Nmap huwa ni chaguo bora. Scapy haina orodha ya udhaifu unaojulikana, wala haimwambii mtumiaji ni toleo gani la programu lina kasoro. Aidha, baadhi ya vifaa vya zamani na mitambo ya viwandani huweza kukwama kwa kupokea pakiti zisizo za kawaida, na printa nyingi huchapisha chochote kinachotumwa katika mlango wake wa 9100, mambo yanayomtaka mpimaji ajue anapima nini kabla ya kukipima.

Ruhusa kabla ya pakiti ya kwanza

Pakiti ileile inayomsaidia msimamizi ndiyo inayomsaidia mvamizi, na kinachowatofautisha mbele ya sheria ni idhini. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, na Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na zote zinaharamisha kuingia katika mfumo wa mtu mwingine bila idhini na kuingilia mawasiliano yasiyomhusu mtu. Kunasa pakiti katika Wi-Fi ya hoteli au ya chuo kwa ajili ya udadisi tu kunaweza kumfikisha mtu mahakamani, na nia njema isiyo na maandishi ni vigumu kuithibitisha. Kwa hiyo ruhusa inapaswa kuandikwa na kutiwa saini na mwenye mamlaka juu ya mtandao, ikitaja anwani zitakazopimwa, siku na saa za kupima, aina za vipimo, mtu wa kupigiwa simu endapo huduma itakwama, na jinsi data zilizonaswa zitakavyotunzwa na kufutwa, kwa kuzingatia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ambazo Kenya ilizitunga mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022.

Anayejifunza hahitaji kusubiri ofisi imwamini ndipo aanze. Programu ya VirtualBox, isiyolipiwa, humwezesha kuunda mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja, na kuziunganisha katika mtandao usiogusa intaneti. Kampuni ya Rapid7 hutoa mashine pepe iitwayo Metasploitable, iliyojazwa udhaifu kwa makusudi ili watu waifanyie mazoezi, ambayo kamwe haipaswi kuunganishwa na intaneti. Katika maabara hiyo, mwanafunzi anaweza kuingia kwa Telnet, itifaki ya zamani isiyotumia usimbaji fiche, huku zana yake ya kunasa ikisikiliza, akaiona nywila yake ikipita herufi baada ya herufi, kisha akarudia zoezi hilohilo kwa SSH na kuona kwamba nywila haisomeki tena. Vitu vyote hivyo vikishapakuliwa mara moja, mazoezi huendelea bila kutumia bando, jambo lenye uzito kwa mwanafunzi anayelipia kila megabaiti.

Ofisi nyingi ndogo za Afrika Mashariki hutunza taarifa nyeti za wanachama, wagonjwa na wanafunzi bila kuwa na uwezo wa kumlipa mshauri wa usalama kila mwaka, ilhali vijana wanaoijua Python wanaongezeka vyuoni na mitaani. Kijana wa namna hiyo, akiwa na ruhusa iliyoandikwa, anaweza kuikabidhi ofisi orodha ya vifaa vilivyomo, orodha ya milango iliyo wazi pamoja na sababu ya kila mmoja kuwa wazi, na mlinzi mdogo anayeiangalia ARP usiku na mchana. Kazi hiyo haichukui nafasi ya ukaguzi wa kitaalamu, lakini huziba mapengo ambayo wavamizi hupendelea kuyatumia kwanza, na thamani yake hupimwa kwa kigezo kimoja kisichobadilika: kwamba kwa kila sentensi iliyomo katika taarifa yake, mpimaji aweze kufungua faili na kuionyesha pakiti iliyomfanya aiandike.